Makaye ya waandishi wa Congo: yaliyookoka yaliokolewa na nakala, na sauti ya msomaji

Mwaka 1965, miaka 5 baada ya uhuru, wazee waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, walitaka historia ya mji wao iandikwe. Walikuwa na chama chao, chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, wale ambao wakati wa ukoloni waliitwa maboyi hata kama walikuwa na wajukuu. Aliyeandika ni André Yav. Alitumia mashini ya kuandika na Kiswahili cha mjini, kile ambacho watu wa Katanga walizungumza kila siku sokoni, kwenye migodi na katika makartie. Kazi yake ilikuwa ya kurasa 30 na zaidi kidogo, na jina lake lilikuwa la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville.

Anayesikia jina hilo anaweza kufikiri ni kamusi. Sivyo. Ni historia. Inamtaja mfalme Leopold wa Pili na Msiri wa Garenganze. Inaeleza Wazungu wa kwanza kufika, namna wafanyakazi walivyoajiriwa, mshahara na posho, vita viwili vya dunia, na majina ya utani ambayo Waafrika waliwapa wakubwa wao. Ni historia ya Katanga iliyoandikwa na watu waliokuwa wakisimama nyuma ya meza wakati Wazungu wanakula na kuzungumza. Wazungu walidhani boyi hasikii. Boyi alisikia, akaweka moyoni, na mwaka 1965 akaandikisha.

Kitabu hicho hakikuuzwa madukani. Hakikuwa na kompania ya uchapishaji nyuma yake, wala sanduku la chuma la kukihifadhia. Kama karatasi nyingine nyingi za miaka ile, kingeweza kuishia kufungia karanga sokoni. Hakikuishia huko, kwa sababu nakala moja ilifika kwa watafiti wa historia na lugha. Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliifanyia kazi na kuichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo maandishi hayo yanapatikana bure kwenye intaneti, katika mkusanyiko wa Kiswahili cha watu wa kawaida unaotunzwa na mradi wa Language and Popular Culture in Africa ulioanzishwa Amsterdam.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo mara nyingi inasahauliwa. Kuwa na karatasi mkononi hakukutosha. André Yav aliandika jinsi alivyosikia. Maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati, na alama za kituo hazifuati sheria za shule. Aliyejifunza Kiswahili katika vitabu vya Unguja alikwama. Ndipo Kalundi Mango, mtu wa Katanga aliyejua Kiswahili hicho tangu nyumbani, akakisoma kitabu kizima kwa sauti mbele ya mashini ya kurekodi. Sauti yake ilionyesha neno linaanzia wapi na linaishia wapi, wapi mwandishi anacheka na wapi anakasirika. Kutoka kwa sauti hiyo, maandishi yalipangwa upya na kutafsiriwa. Kwa hiyo, nakala iliokoa karatasi, na sauti ya mtu wa nyumbani ikaokoa maana.

Mambo hayo mawili, nakala na sauti, ndiyo yanayoamua kama kazi ya mwandishi itabaki au itapotea. Historia ya Congo inaonyesha hivyo zaidi ya mara moja.

Padri, mfungwa na mchoraji

Mfano wa kwanza unatoka pwani ya ziwa Tanganyika. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alisoma kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1917 alipewa upadri Baudouinville, leo Kirungu, Moba, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Kabla ya upadri, alipokuwa bado mseminari, aliandika kuhusu mawazo na tabia za watu wake. Maandishi hayo yalichapishwa Ubelgiji mwaka 1910 na 1911 katika gazeti la Revue congolaise, yakiitwa La psychologie des Bantu. Wataalamu wengi wanayahesabu kuwa kazi ya kwanza ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa.

Ilifikaje Ubelgiji kutoka Marungu? Padri Mjesuiti Arthur Vermeersch alipita katika misioni wakati wa safari yake Congo, akakutana na kijana huyo, akamtia moyo aandike. Kazi ikasafiri. Kaoze aliendelea kuandika hadi uzeeni, pamoja na historia ya watu wa Marungu, na alifariki mwaka 1951. Kazi zake nyingine zilikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Miaka ya karibuni watafiti wamezikusanya kutoka sehemu mbalimbali na kuzitoa pamoja. Ziliweza kukusanywa kwa sababu misioni ilikuwa na desturi ya kuandika, kupanga na kutunza. Mwalimu wa kijiji wa wakati uleule, mwenye akili sawa na Kaoze lakini bila misioni nyuma yake, leo hajulikani hata jina.

Mfano wa pili unatoka Stanleyville, leo Kisangani. Watu wengi wanamjua Patrice Lumumba kama mwanasiasa. Wachache wanakumbuka kwamba kwanza alikuwa karani wa posta aliyependa kuandika, na makala zake zilitoka katika magazeti ya Wakongomani wa wakati huo. Mwaka 1956 na mwanzoni mwa 1957, katika kipindi alichokuwa amefungwa, alitunga kitabu kizima kuhusu hali ya Congo. Alikituma kwa mchapishaji Brussels. Hakikuchapishwa wakati huo. Kilitoka mwaka 1961, mwenyewe akiwa ameshauawa tarehe 17 Januari mwaka huohuo.

Kitabu hicho kinamwonyesha Lumumba ambaye bado anaongea kwa upole na serikali ya kikoloni, tofauti kabisa na yule wa hotuba ya tarehe 30 Juni 1960. Bila karatasi zile zilizolala kwa mchapishaji, Wakongomani wasingejua ni njia gani mtu huyo alipita katika mawazo yake kwa muda wa miaka 3 au 4 tu. Karatasi za mwandishi zina faida hiyo: zinaonyesha mtu akibadilika. Hotuba inampa msikilizaji mtu aliyekwisha kuamua. Kaye inampa mtu anayetafuta.

Mfano wa tatu ni wa mchoraji, lakini unaingia katika habari hii kwa sababu ya maneno yake. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha zaidi ya 100, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili huku Fabian akirekodi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zimekatika. Mtu amepotea. Picha zake nyingi ziko katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum, Amsterdam, na maneno yake yameandikwa na kuwekwa kwenye intaneti. Kama picha zingebaki peke yake bila mazungumzo, watazamaji wangeona askari, treni na bendera, lakini wasingejua mchoraji alitaka kusema nini.

Nyaraka ziko mbali, nani ana ufunguo?

Mtu wa Kalemie, Kindu au Bukavu akisikia mifano hii anaweza kuuliza swali la haki: mbona vyote viko Ulaya? Kazi ya Yav ilitolewa kupitia Amsterdam. Kitabu cha Lumumba kilikaa Brussels. Brussels pia iko taasisi ya Archives et Musée de la Littérature, iliyoanzishwa mwaka 1958, ambayo inatunza nyaraka za waandishi wa Kibelgiji wa lugha ya Kifaransa na imekusanya pia mengi ya waandishi wa Congo. Mtafiti wa Lubumbashi anahitaji viza na tiketi ya ndege ili aguse karatasi iliyoandikwa hatua chache kutoka nyumbani kwake.

Malalamiko hayo yana msingi. Ukoloni ulipeleka nje vitu vingi bila kuuliza mtu, na karatasi nyingine ziliondoka katika njia hiyohiyo. Hata hivyo, ukweli mwingine nao usemwe: karatasi nyingi zilizobaki nchini bila nakala hazipo tena. Mchwa alikula, mvua ilinyesha, nyumba iliporwa, au mwandishi alifariki na chumba chake kikapangishwa wiki ileile. Kwa hiyo ubishi usiishie katika kuuliza karatasi ziwe huku au kule. Nakala inaweza kuwa huku na kule pia. Ubaya ni kuwa na moja tu, mahali pamoja tu, popote pale mahali hapo palipo.

Nchini kwenyewe iko mifano ya kutia moyo. Karibu na Mbandaka, katika misioni ya Bamanya, kituo cha Aequatoria kilichoanzishwa na mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert kilikusanya kwa miaka mingi maandishi kuhusu watu wa Mongo na majirani zao. Ndani yake mna kazi za mapadri na pia za Wakongomani waliowaandikia hadithi, methali na historia za vijiji. Nyaraka hizo zilipangwa, zikaandikiwa orodha, kisha zikapigwa picha ndogo za filamu ili nakala zisomwe sehemu nyingine. Karatasi zenyewe zilibaki msituni, nakala zikasafiri.

Na Lubumbashi ilipokea kitu kilichotoka ng'ambo na kurudi nyumbani. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliandika riwaya, mashairi na vitabu vya falsafa vinavyosomwa dunia nzima. Aliondoka nchini wakati wa utawala wa Mobutu na kufundisha Marekani kwa miaka mingi, na huko alifariki mwezi wa Aprili 2025. Kabla ya kifo chake, alitoa maktaba yake binafsi kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwanafunzi wa Katanga anaweza leo kufungua kitabu ambacho Mudimbe mwenyewe alikifungua. Maktaba ya mwandishi ni sehemu ya nyaraka zake. Inaonyesha alisoma nini kabla ya kuandika, na alibishana na nani kimyakimya.

Mwandishi wa eneo ni nani?

Neno "mwandishi" linawatisha watu. Wengi wanafikiri ni lazima awe na kitabu kilichochapishwa Paris au Nairobi. Lakini André Yav hakuwa profesa. Katika kila eneo la mashariki wako watu wa aina yake. Kuna katekista aliyeandika kwa miaka 30 vifo na vizazi vya kijiji, na pembeni akaweka maneno juu ya njaa na mafuriko. Kuna mwalimu aliyetunga michezo ya kuigiza ya shule. Kuna kiongozi wa kwaya mwenye kaye ya nyimbo zake, na tarehe ambazo ziliimbwa. Kuna mtunzi wa michezo ya redio ambaye alichapa maneno ya waigizaji na kuyatupa katika katoni baada ya kipindi. Kuna mama aliyeandikia barua jamaa zake kambini Tanzania au Uganda na kutunza majibu yote. Hizo ndizo nyaraka za waandishi wa eneo. Siku mwanahistoria atakapotafuta kujua watu wa Fizi, Masisi au Djugu waliishije wakati wa vita, ripoti za mashirika zitampa hesabu. Makaye hayo yatampa maisha.

Na makaye hayo yako hatarini kuliko yote. Mwezi wa Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya mji wa Goma, na ikarudia kutoa lava mwezi wa Mei 2021. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko ya Kalehe yaliua mamia ya watu na kufuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma, maelfu kwa maelfu ya familia zilizokuwa katika kambi za pembeni mwa mji ziliondoka tena, wengi wakiwa wamekwisha kukimbia mara 2, mara 3. Anayekimbia anashika mtoto, sufuria, na kama ana bahati, godoro. Hakuna wa kumlaumu kwa kuacha kaye. Lakini kila safari ya namna hiyo inapunguza kumbukumbu ya kijiji kizima, na hakuna anayeihesabu pamoja na nyumba zilizoungua.

Kinachowezekana hata chini ya hema

Watu wanaotunza nyaraka wana sheria zao, na nyingi hazihitaji jengo wala pesa nyingi.

Ya kwanza ni kupiga picha kila ukurasa kwa telefone, kwa mfuatano, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, hata ule ulioandikwa mistari 2 tu. Picha zipigwe mchana, karibu na mlango, bila flashi. Zikitumwa kwa WhatsApp, zitumwe kama dokima, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na maandishi madogo yanafifia. Nakala ziende kwa watu 2 wanaoishi miji tofauti. Mmoja akipoteza telefone, mwingine anazo.

Ya pili ni kuandika karatasi hizo ni za nani. Jina la mwandishi, kijiji, miaka, na nani alizitunza. Maandishi hayo yafanywe kwa kalamu ya risasi nyuma ya kaye, au kwenye karatasi ya pembeni, maana biro inapenya na kuchafua. Kaye isiyo na jina inakuwa yatima: ikifika maktaba, hakuna anayejua aiweke wapi.

Ya tatu ni kutochanganya. Barua iliyokutwa katikati ya kaye ibaki palepale. Mara nyingi mwandishi aliiweka hapo kwa sababu, na mpangilio wake ni sehemu ya maana. Karatasi iliyochanika isigandishwe kwa skochi, kwa sababu gundi yake inageuka rangi na kula karatasi. Pini za chuma zitolewe, zinaoza na kutoboa. Karatasi zifungwe kwanza katika kitambaa kikavu, ndipo ziwekwe ndani ya plastiki kuzuia mvua, na zifunguliwe mara kwa mara zipate hewa.

Ya nne ni ya usalama, na katika eneo la vita haifai kupuuzwa. Kaye inaweza kutaja majina ya watu walioshuhudia mauaji, au ya waliojificha. Karatasi ya namna hiyo isiwekwe kwenye Facebook wala kwenye magrupu. Inaweza kutunzwa pamoja na agizo la kutofunguliwa kabla ya miaka fulani. Vituo vya nyaraka vinakubali masharti kama hayo, mradi yaandikwe.

Ya tano inahusu familia inayotaka kukabidhi karatasi kwa chuo kikuu, parokia, makumbusho au taasisi ya taifa ya nyaraka. Kutoa moja kwa moja na kuweka amana ni mambo mawili. Anayetoa, karatasi zimekwenda. Anayeweka amana, zinabaki mali ya familia na kituo kinazitunza tu. Yote mawili yanahitaji barua iliyotiwa sahihi na pande zote, pamoja na orodha ya vilivyokabidhiwa. Na kituo kikiondoka na karatasi, familia idai nakala. Anayekataa kuacha nakala na kuandika orodha, asikabidhiwe kitu.

Ya sita ndiyo iliyofanywa na Kalundi Mango. Karatasi isomwe kwa sauti na mtu anayejua lugha ya mwandishi, na sauti irekodiwe. Telefone ya kawaida inatosha. Msomaji asimame kila anapofika kwenye neno la zamani, jina la mlima, jina la utani la chifu au la askari, aeleze. Makaye mengi ya mashariki yamechanganya Kiswahili na Kifaransa, Kishi, Kinande, Kifuliiru, Kibembe, Kihunde au Kilega, na mwandiko wa kila mtu ni siri yake. Mtafiti wa mwaka 2060 atakuwa na mashini ya kila aina. Hatakuwa na bibi aliyemjua mwandishi na anayejua kwa nini jina fulani limepigwa mstari mara 2.

Hapo familia zilizokimbia zina utajiri ambao hakuna taasisi ya Brussels wala Kinshasa inayoweza kuununua. Karatasi nyingine zimekwisha kupotea, lakini wasomaji wake wangali hai, wamekaa mbele ya hema au katika nyumba ya jamaa waliowapokea. Hata mwenye kukumbuka tu wimbo uliokuwa kwenye kaye iliyoungua, na mwaka ulipotungwa, akirekodiwa ameokoa kitu.

Wazee wa Elisabethville hawakungoja serikali iwaandikie. Walikuwa watu wa mishahara midogo, lakini mwaka 1965 waliona kwamba wao ndio wanaoijua historia ya mji wao, na kwamba wanazeeka. Waliandika katika lugha yao, kwa jinsi walivyoweza. Miaka 60 baadaye sauti yao inasomwa. Katika kambi na makartie ya mashariki kuna wazee wa umri huohuo, na mwaka wa kuwasikiliza ni huu.